Kiuno cha Nondo

Haya nimesimuliwa na mjukuu wangu, yule mwembamba anayefanya kazi kwenye nyumba ya wadudu waliokaushwa, jioni ile mvua ilipokatika naye akaingia kwangu na viatu mkononi. Nayaandika kama alivyoyasema, nikiruka tu pale alipokuwa anatafuna.

Kazi yake ni kutambua nondo. Si hawa wanaokula nguo zangu kabatini. Hao wake ni nondo waliojivika unyigu. Ndege akiwaona huwapisha, akidhani watamdunga, kumbe hata mwiba hawana. Nikamuuliza, "Sasa unawajuaje?" Akasema unaanza na bawa: lina madirisha mangapi yasiyo na ule unga wa nondo unaobaki vidoleni, ukingo mweusi una upana gani, doa la njano liko shinani au katikati. Kisha unashuka mwilini. Nyigu ana kiuno cha kweli, chembamba kama uzi. Nondo hana. Ana mabaka mawili meupe, huku ubavuni na huku, ukimtazama kwa mbali unadhani amekatika kiuno. Ni kama gauni la fundi anayejua kuficha tumbo.

Mkubwa wake wa kazi, mzee aliyefiwa na mke, wanamwita Mwalimu. Mzee huyu alikuwa na nondo mmoja aliyemweka kwenye boksi la peke yake. Marehemu mkewe ndiye aliyemkamata, kwenye taa ya jikoni, zamani. Mabawa yalikuwa ya nondo wa kawaida, wamejaa droo nzima. Lakini tumbo halikufanana na la nondo yeyote. Basi Mwalimu akasema huyu ni mpya, hajapewa jina, na atapewa jina la mkewe. Alikuwa karibu kustaafu, na hilo ndilo alilotaka kuliacha nyuma. Maandishi ya kumtangaza yalikuwa tayari kupelekwa. Akampa mjukuu wangu yule nondo amkague mara ya mwisho, alama kwa alama.

Mjukuu akamweka chini ya lenzi. Bawa, sawa. Kichwa, sawa. Akafika kiunoni, akasita. Mabaka hayapo. Kiuno kipo, cha kweli. Na tumbo linang'aa, halina unga hata punje. Akamgeuza chali taratibu, akaona tumbo limegandishwa kifuani kwa tone la kitu chekundu.

"Bibi, nilitamani kujifanya sijaona," aliniambia. "Nikisema, namnyang'anya. Nikinyamaza, siku moja mtu atafungua lile boksi acheke, na jina atakalolicheka ni la mama wa watu."

Asubuhi nzima hakuinuka kwenye lenzi. Mwalimu akipita anauliza, "Vipi binti, amekung'ata?"

"Bado, Mwalimu. Ananitazama tu."

Saa ya chai akashindwa. Akamvutia kiti.

"Mwalimu, kaa kwanza."

"Mtu akinikalisha najua kuna msiba."

"Hakuna msiba. Tazama kiuno."

"Kiuno hicho nimekitazama mpaka nakiota."

"Umekitazama kwa juu. Mimi nimemlaza chali."

Kumbe mzee hakuwahi kuthubutu kumgeuza, asije akamvunja. Na ule unga uliokosekana, alisema ni uzee umempukutisha. Ukipenda, chongo huita kengeza. Akainamia lenzi, akakaa hapo mpaka chai ikafanya utando.

"Tumbo la nyigu," akasema. "Limegandishwa."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na hii si gundi yetu. Yetu haina rangi."

Mjukuu alimngojea akasirike, au alie. Maji alishayaweka karibu. Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka.

"Rangi ya kucha," akasema. "Mwanamke yule aligandisha kila kitu kwa rangi ya kucha. Mpini wa kisu, miwani yangu. Alimwangusha, unaona? Akavunjika, akaogopa nitanuna, akaenda kuokota nyigu mfu dirishani."

"Na hakukwambia?"

"Angeanzia wapi? Nilirudi nikaruka kama mtoto, nikamwambia mke wangu, umepata nondo ambaye dunia haijamwona."

"Mimi ningekwambia kesho yake."

"Wewe hujaolewa."

Akapangusa macho. Yale maandishi akayachana mwenyewe, bila haraka. Kwao kila mdudu huwa na kibandiko chini ya pini yake: ni nani, nani kamkamata. Akamwambia mjukuu aandike kipya. Mabawa, ya nondo wa kawaida. Tumbo, la nyigu.

"Na ongeza: fundi, mke wangu."

"Mwalimu, 'mke wangu' haiandikwi pale."

"Basi andika jina lake lote, na la babake."

Akaliandika kwa herufi ndogo, mzee akilitamka polepole, mpaka likaenea kibandikoni. Kisha mzee akaegemea kiti, akalala palepale, mdomo wazi. Mjukuu akamvua miwani, akarudisha mlango kwa kidole.

Hayo ndiyo aliyonisimulia. Alipomaliza akanikazia macho.

"Bibi, na wewe ulimficha babu nini?"

"Kula kwanza," nikamwambia, nikainuka kumwongezea.

Nilipogeuka na sahani, alishalala, kiganja chini ya shavu.