Shangazi wa Dakika ya Thelathini na Saba

Onyesho la saa kumi jioni huwa na watu wachache, kwa hiyo mkata tiketi alipata nafasi ya kuingia ukumbini, akaegemea ukuta karibu na viti vya nyuma na kumalizia mkate wake. Filamu ilikuwa na wiki ya tatu. Ilimhusu jamaa mmoja aliyechoshwa na kazi ya ofisini, akabeba begi kubwa mgongoni, akafunga safari hadi bonde la mbali, akalia kidogo, akapona. Watu waliipenda mno. Dakika ya thelathini na saba jamaa alifika bondeni, muziki ukashuka, na sauti nzito ikasema, "Hapa hajawahi kuishi mtu."

Hapo ndipo shangazi yake mkata tiketi alipotokea nyuma ya jiwe kubwa la upande wa kushoto, beseni la nguo kiunoni, akaanza kuanika shuka juu ya vichaka.

Mama mmoja wa viti vya mbele alisema shuka ile haijasuuzwa vizuri. Mwingine akaomba watu wanyamaze, wenzao wamekuja kutazama filamu.

Shangazi alikinga jua kwa kiganja, akachungulia ukumbini. "We! Si mtoto wa kaka yangu huyo, umesimama na mkate mdomoni?"

Mkata tiketi akameza harakaharaka. "Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Wale watu wa kamera wameshamaliza?"

Walikuwa wamemaliza mwaka juzi. Walimwomba, kwa adabu zote, ajibanze nyuma ya jiwe kidogo tu, wakimaliza watamwita. Na shangazi huyu, ukimwambia subiri, anasubiri kwelikweli. Wenyewe wakafunga virago, wakaondoka, wakasahau kumwita. Ndugu zake walidhani yuko kwa binti yake. Binti yake akadhani yuko kwa ndugu. Miaka miwili ikapita hivyo, kila upande ukiushukuru mwenzake kimoyomoyo.

"Walimaliza zamani, Shangazi."

"Ndio wasiniambie! Haya, mimi narudi zangu nyumbani." Akageuka, akatazama upande wa mto, akatazama tena. "Baba, nyumba yangu iko wapi?"

Mkata tiketi alijua. Katika filamu nyumba ilifutwa kwa kompyuta. Bondeni kwenyewe ilivunjwa, pakajengwa hoteli ya vyumba vya vioo, kwa ajili ya watu watakaotazama filamu wakatamani upweke. Bonde alilitambua tangu siku ya kwanza ya onyesho, akanyamaza, maana kazi ni kazi. Sasa aibu ikamshika mpaka masikio yakawaka moto.

"Nitakuulizia," akasema. Dakika ya arobaini na moja filamu ikahamia mlimani, shangazi akakatika.

Jioni hiyohiyo aliketi kwenye dirisha la tiketi akaandika barua kwa kampuni ya filamu, kurasa tatu, akidai nyumba irudishwe. Meneja alisaini bila kuisoma. Naye alikuwa na shida yake: shangazi alikuwa ameanza kumfokea jamaa wa begi kwa kumkanyagia maharage, na jamaa alikuwa anasahau kulia.

Baada ya wiki mbili kampuni ilimtuma bibie mmoja mwenye faili na viatu visivyotoa sauti. Alikaa mstari wa mbele. Dakika ya thelathini na saba ilipofika, akasimama.

"Mama, tunaomba radhi kwa usumbufu. Tumekuja kukuita."

"Niite, basi."

Bibie akafungua faili, akamwita kwa majina yake yote matatu, bila kukosea hata moja.

"Abee!" Shangazi akaitika, akashusha pumzi ya miaka miwili. "Ahsante, mwanangu. Na nyumba?"

"Nyumba haimo kwenye faili."

"Haimo vipi? Mle nimezaa watoto wanne!"

Bibie akainua picha ya bonde, ile iliyokwisha kufutwa nyumba. "Unaona mwenyewe, Mama. Hakuna kitu." Akaandika kwamba malalamiko yameshughulikiwa, akaomba afunguliwe mlango. Mkata tiketi alitamani kumpa vidonge vyake. Alipofungua mdomo ikatoka "karibu tena," kwa mazoea, na usiku ule hakula.

Kesho yake shangazi akaanza kujenga. Alikuwa na dakika nne kwa kila onyesho, maonyesho matatu kwa siku. Waliokaa mbele walimpokeza misumari. Seremala mmoja aliyekuja na mkewe kupumzika alipanda ndani ya filamu kuweka mlango, akakosa mwisho wa filamu, wala hakujali. Jamaa wa begi aliambiwa aache kulialia ashike ngazi, akashika. Sauti nzito iliendelea kusema yake, ila nyundo ilikuwa inaifunika. Meneja aliongeza viti.

Siku ya bati la mwisho ukumbi mzima ulipiga makofi na vigelegele. Shangazi alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akaangaza hadi viti vya nyuma.

"Baba, huingii hata kunywa maji?"

"Nina watu wa saa moja nje, Shangazi."

"Haya. Kazi yako hiyo isikuue."

Mkata tiketi alilia wazi mbele za watu, kwa furaha na kwa uchungu, kisha akaenda kusimama mlangoni pake.

Watazamaji walitoka wakichekacheka. Mtu na mchumba wake walisimama mbele yake, udongo hadi viwikoni, maana walikuwa wamesaidia kukandika ukuta wa jikoni.

"Samahani, kaka," akasema mwanamume. "Kule bondeni, ni kweli hakuna watu? Sisi tumechoka na makelele."

"Kuna shangazi yangu."

"Huyo tumemwona, ametuchangamkia kweli," akasema mchumba. "Tunauliza kule kwenyewe."

Mkata tiketi aliviangalia vipande vya tiketi mkononi mwake.

"Kule kwenyewe hayupo," akasema.

Wakamshukuru sana, wakanawa mikono kwenye bomba la nje, wakaenda kupanga foleni kwenye ofisi ya safari ya jirani.