Kifusi Kilichofungwa Magazeti

"Dada, sakafu imekufa! Unataka nikuchoree picha?" Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti sebuleni kwangu, tindo mkononi.

"Kama imekufa, nionyeshe maiti."

"Angalia rangi ilivyopauka. Na chini kuna unyevu. Nikishakuwekea vigae vya kung'aa, mwenyewe utanishukuru."

Nilitoka asubuhi kwenda kazini sakafu ikiwa nzima. Nimerudi, nusu imeng'olewa. Vigae hivyo alivitengeneza marehemu baba kwa mikono yake. Alikuwa akimwaga saruji ya rangi kwenye kalibu ya shaba, kila rangi na chumba chake, anainyanyua kalibu taratibu, anajaza saruji kavu nyuma, anakandamiza kwa shinikizo. Tanuri havikuliona, vilikomaa majini. Ua la kigae cha kiwandani limechapwa juu juu. La baba limezama ndani.

"Kifusi kiko wapi?"

"Stoo. Usijisumbue, nitakiondoa mwenyewe."

Hapo nikaingiwa na shaka. Huyu hajawahi kuondoa hata sahani yake mezani.

Nikaenda stoo, naye nyuma yangu, anasema mfululizo. Vigae vilikuwa vimesimamishwa kwa ubavu, uso kwa uso, magazeti katikati. Hakuna kilichomeguka pembe. Nikageuza kimoja: mgongo umekwanguliwa saruji yote ya zamani, tayari kulazwa kwingine.

"Tangu lini kifusi kinavishwa nguo?"

"Navihifadhi tu, dada."

"Unamhifadhia nani?"

Akajikuna shingo. Nikachukua msasa, nikakilowesha kigae, nikasugua. Maji yakatoka meusi, kisha ua jekundu likajitokeza, kingo zake kali kama lilimwagwa jana.

"Haya, mpauko wako huo."

"Kuna mtu anafungua mkahawa," akasema hatimaye. "Anavililia. Hela tungegawana."

"Lini? Baada ya mimi kukushukuru?"

Nikamnyang'anya tindo, nikafunga kanga kiunoni, nikarudi sebuleni, nikafungua mfuko wa saruji alioununua kwa ajili ya hivyo vya kung'aa. Nikakoroga. Chini palikuwa pakavu kama unga. Huo unyevu ulikuwa mdomoni mwake. Nikakilaza kigae cha kwanza karibu na mlango, nikakigonga kwa mpini wa nyundo mpaka kikalingana na jirani yake.

"Lete kingine."

"Dada, yule mtu anakuja jioni na gari."

"Atatukuta. Lete, na ukiloweshe mgongo kwanza."

Akaleta.