Msichana wa Mstari wa Chini

“Mtoe,” Madam Lorna alisema.

“Simtoi,” Rosebellah akajibu. “Kama ni kumtoa, mtoe mwenyewe. Kompyuta hiyo hapo.”

Walikuwa wamelivuta jambo hilo tangu chai ya asubuhi, na sasa vyombo vya mchana vilikuwa vimerundikana kwenye sinki. Kwenye skrini ulitandazwa ukoo wa Kimbrel, wakulima wa Indiana, ambao Madam Lorna alikuwa kilembwe wao. Ubishi ulikuwa juu ya msichana mmoja. Katika sensa ya mwaka 1860 msichana huyo aliandikwa chini kabisa ya nyumba ya Amos Kimbrel, baada ya mkewe na watoto wao wote: Hester, miaka kumi na sita. Karani wa sensa alikuwa mvivu. Mahali pa jina la baba aliweka alama za kurudia, kwa hiyo Madam Lorna akamdhania binti, akafurahi, akampa kisanduku chake pamoja na watoto wengine. Ndipo walipoikuza picha wakaona neno lililofifia pembeni: mtumishi.

“Si wa damu yetu,” Madam Lorna alisema. “Hii ni karatasi ya familia.”

“Lakini yuko jikoni. Anaosha sufuria zako.”

Madam Lorna hakulikana hilo. Alikuwa akimwona kila siku.

Mambo hayo yalianzia Riyadh. Wakala mmoja wa Nairobi alimwahidi Rosebellah kazi ya karani wa kumbukumbu hospitalini, kwa kuwa alikuwa na diploma ya kazi hiyo. Alipofika, kafili, yaani mdhamini wake wa kazi, alichukua pasipoti yake hapo hapo uwanjani, akampeleka kwenye nyumba ya Wamarekani ndani ya kompaundi yenye ukuta mrefu, akamwonyesha jiko. Rosebellah aliuliza hospitali iko wapi. Kafili akasema yalla, haya twende, na mazungumzo yakaishia hapo.

Madam Lorna alipopata habari ya ile diploma alifurahi sana. Kuanzia hapo, akishamaliza kupiga pasi, Rosebellah aliketi naye kusoma miandiko ya kale. Chuoni alifundishwa kwamba jina likionekana mahali pamoja ni tetesi, likionekana mahali pawili ni mtu. Siku walipomkuta Amos Kimbrel kwenye sensa na pia kwenye hati ya shamba, Amos mwenyewe aliingia kwa mlango wa jikoni baada ya adhana ya alasiri, akavua kofia, akauliza farasi wanafungwa wapi. Alikuwa na matope ya Indiana mpaka magotini. Rosebellah alimwambia ajipanguse kwanza, maana sakafu ilikuwa bado mbichi.

Mkewe Keziah alifuata wiki hiyo hiyo, kisha watoto, mmoja mmoja, kadiri walivyopatikana. Mlinzi wa lango aliwaomba ikama, vibali vya ukaazi. Hawakuwa nazo, basi akawaandika wageni wa familia na kumwonya mzee asitoke nje, maana akikamatwa atarudishwa kwao na hakuna ndege inayokwenda huko. Mzee akatii. Alishinda chini ya kiyoyozi, ambacho aliamini ni dirisha lililotengenezwa vibaya. Mume wa Madam Lorna, fundi wa mitambo ya kusafisha maji ya bahari, alisema hana neno nao, ilimradi wasiguse rimoti. Alipohamishiwa Jeddah, akina Kimbrel walisafiri kwenye kiti cha nyuma. Njia nzima Amos aliuliza ardhi yote ile ni ya nani na kwa nini mwenyewe hajailima.

Hester hakuna aliyemtafuta. Alikuja na mizigo. Aliingia nyuma ya Keziah akiwa amebeba kapu, akasimama karibu na mlango, na wengine walipoketi yeye hakuketi. Rosebellah aliwasongea ugali. Waliupenda, wakaumiminia asali. Hester alikula baadaye akiwa amesimama, na kwa kuwa Rosebellah naye alikula baadaye akiwa amesimama, walikula pamoja.

Rosebellah alimshukuru Mungu kwa mikono ile miwili. Nyumba ya Jeddah ilikuwa na ghorofa tatu na ngazi za marumaru, na kabla ya Hester kuzoea ngazi hizo mgongo wa Rosebellah ulikuwa umeanza kumwita usiku. Msichana alijua kukamua mashuka mpaka yakabaki na unyevu kidogo tu. Alijua kutoa harufu ya mafuta ya kondoo kwa majivu. Aliamka kabla ya kuamshwa. Kwa mara ya kwanza tangu atoke Kakamega, Rosebellah aliweza kuketi chini mchana na kumpigia binti yake Stacy, ambaye alikuwa mjamzito.

Walielewana. Kiingereza cha Hester kilikuwa cha kale, lakini Rosebellah alisomeshwa na masista wazee kutoka Ireland, hakikumshinda. Wakikunja nguo, Hester alimwambia jinsi baba yake alivyompeleka kwa Amos akiwa na miaka minane, akaweka alama ya kidole kwamba msichana atatumika mpaka atimize kumi na minane. Homa ilimchukua akiwa na kumi na saba. Walimzika mwisho wa shamba, na msimu uliofuata shamba lilihitaji kupanuliwa, wakapanda shayiri juu yake. Aliyasema hayo bila kinyongo, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Mzee Amos, aliyekuwa akisikia, aliongeza kwamba ilikuwa shayiri nzuri.

Mkataba wa Rosebellah uliisha mwaka 2015. Pasipoti ilibaki kwenye mtoto wa meza ya kafili, Riyadh. Madam Lorna alimwahidi kwamba wakimaliza karatasi ya ukoo atazungumza na kafili. Lakini akina Kimbrel walizaana. Kila alipokamilishwa mjomba mmoja kwenye karatasi, akazuka mwingine Ohio, naye akaja na mke.

Sasa walikuwa wamefika mwisho. Kilichobaki ni kisanduku cha Hester.

“Haya,” Madam Lorna alisema, akanyoosha kidole, akabonyeza mara moja. “Halas. Imekwisha.”

Kisanduku kikatoweka na karatasi ikawa imekamilika. Sebuleni akina Kimbrel walilisikia hilo kwa namna yao. Keziah alianza kuwafunga watoto kofia kwa safari ya kurudi. Kila mmoja alikuwa na mstari wake kwenye karatasi, wa kumtoa kwa mama na kumfikisha kwa watoto, na mtu mwenye mstari hapotei njia. Hester alitoka sinkini, mikono ikidondosha povu, akaja kumuuliza Rosebellah yeye apitie wapi.

Rosebellah alitazama pale kisanduku kilipokuwa. Alimgeukia Madam Lorna, akamwambia karatasi imekwisha, na ile habari ya pasipoti je.

“Baada ya kiangazi, Rose,” Madam Lorna alisema kwa upole. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Rosebellah. “Julai ukoo wote unakutana Indiana, lazima niwapelekee hii. Nyumba nitamwachia nani? Na wewe hapa hukosi kitu. Unakula vizuri.”

“Hata yeye tulimlisha vizuri,” Amos alisema kutoka chini ya kiyoyozi.

Madam Lorna alichukua kompyuta, akapanda juu kumtafuta mumewe.

Rosebellah alikuwa bado amesimama pale simu ilipoita. Ni Stacy, akilia, na nyuma yake mtoto akilia zaidi. Mtoto wa kike alikuwa amezaliwa salama siku chache kabla, lakini tangu azaliwe alikataa ziwa. Hospitali walimpima wakasema hana ugonjwa. Jael, nesi wa kutoka Mbale aliyekuwa akiishi Bani Malik, mtaa wa hapo Jeddah, alikuwa amemwambia Rosebellah waziwazi Ijumaa, wakinunua unga sokoni Sharafiya: mtoto asiyenyonya hangoji, mama, hata kama vipimo vyake ni vizuri.

Kwao mtoto wa namna hiyo huwa anadai jina. Wazee humtajia marehemu wa ukoo mmoja mmoja, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake, maana aliyeitwa ameitika. Baba wa mtoto alikuwa hajajitambulisha, kwa hiyo majina yalitafutwa upande wa mama. Bibi Euphrasia, mama mzazi wa Rosebellah, alikuwa amewataja wote.

“Wote kabisa?” Rosebellah alimuuliza, mama yake alipochukua simu.

“Mpaka yule mchawi,” Bibi Euphrasia alisema. Sauti ilikuwa imemkauka. “Analia tu. Sasa hata kulia kunamshinda. Wewe ungekuwa hapa.”

“Siko hapo, Mama.”

Alimtazama Hester. Kisha akamwambia mama yake kwamba anaye mmoja ambaye hajaitwa. Akaeleza ni nani, kwa ufupi, kama mtu anayesoma faili.

“Huyo si wa kwetu,” Bibi Euphrasia alisema. “Ni mzungu. Ni mfu wa watu.”

“Watu wenyewe wamemkataa.”

“Aliyekataliwa na wenyewe ndiye unanipa mimi? Rosebellah, umekaa huko mpaka umesahau. Jina halitoki nje ya ukoo.”

“Wa ukoo mmewaita wote, Mama. Kuna aliyeitika?”

Bibi Euphrasia akamrudishia Stacy simu. Mtoto alisikika, kidogo, kama mlango unaosukumwa na upepo.

Rosebellah alifunika simu kwa kiganja, akamuuliza Hester kama angekubali kwenda Kakamega. Hakumpamba maneno. Alimwambia kuna matope, kuna mahindi, na nyumba ni ndogo.

“Kuna kazi?” Hester aliuliza.

“Ipo. Utatumwa maji, utatumwa kuni. Kila mtoto hutumwa. Lakini jioni utaketi ule na wenzako.”

Hester alifikiri.

“Nitaandikwa mtumishi?”

“Utaandikwa mtoto wa Stacy. Na Stacy ni wangu.”

Msichana alijifuta mikono kwenye aproni, kidole kwa kidole, akatikisa kichwa kukubali. Rosebellah alimshukuru kwa mashuka, kwa ngazi, kwa mgongo wake mwenyewe uliopona. Alikuwa hajawahi kumwambia mtu asante ndefu kiasi hicho. Halafu akaondoa kiganja kwenye simu.

“Stacy,” alisema. “Mweke ziwani. Mwite Hester.”

“Hester?”

“Mwite sasa.”

Stacy aliita mara moja. Kilio kikakatika. Kisha ikasikika sauti ndogo, ya kukoroma na kuvuta, ya mtu mwenye njaa ya siku nyingi. Bibi Euphrasia alisema, kwa mbali, haya basi, akaanza kuimba.

Rosebellah alipogeuka, jikoni hapakuwa na mtu. Sebuleni kofia zote zilikuwa zimefungwa, na watoto wa Kimbrel wamejipanga mlangoni kwa umri. Mzee Amos alisema safari ni ndefu. Akamwita Hester amletee maji ya kunywa. Akaita tena.

“Hester ameenda kwao,” Rosebellah alisema.

Mzee alilipima jambo hilo, akaona ni sawa.

“Basi niletee wewe,” akasema.

Rosebellah aliivuta stuli, akaketi, akaibana simu sikioni. Mtoto alikuwa bado ananyonya.