Jina la Mtu wa Bomu

Mzee Bethuel alikuwa amekuja Birmingham kumwona mjukuu wake mchanga. Siku moja baada ya Krismasi, mwaka 1972, redio ikatangaza kwamba Truman, yule rais wa Amerika aliyeamuru bomu la atomiki, amefariki. Usiku uleule mzee akamwota. Na kwa Wajaluo, marehemu akikujia ndotoni na nyumbani kuna mtoto asiye na jina, ujue amekuja kulidai.

"Mtoto ni Truman," alitangaza asubuhi. "Alisema mwenyewe: bomu lilifupisha vita, likaokoa maelfu ya askari. Mimi nilikuwa KAR, jeshi la Mwingereza, huko Burma. Katika hao maelfu na mimi nimo."

Kerubo, mke wa mwanawe Jairus, binti wa Kikisii, alikuwa na mtoto mapajani na hasira kooni. Kabla ya kujifungua alikuwa nesi wa wodi ya walioungua. Alikuwa amembandua bandeji mtoto wa miaka minne aliyemwagikiwa na mafuta ya chipsi, na vilio vile bado alikuwa anavisikia. Sufuria moja tu! Na huyu bwana kachoma miji miwili, vikongwe na vichanga, kisha kafunga tai yake akasema kaokoa watu. Mtu mdogo akiua huitwa muuaji. Mkubwa akiua, hutoa hotuba.

"Baba," alisema, "na wale waliokaangwa, nani ataitwa majina yao?"

"Vita ni vita, mama. Tumwachie mtoto aamue."

Ndiyo desturi: mtoto analia, majina yanatajwa, na jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Mzee akageuza kiti, akautazama ukuta, maana mkwe hatazami mkaza mwana akinyonyesha. Adabu hiyo ndiyo iliyomponza.

"Truman!" aliita.

Kerubo akachomoa titi kinywani mwa mtoto. Mtoto akalia.

"Truman, mwana wa Jairus!"

Mtoto akapiga mayowe mpaka Surinder, jirani yao, akagonga ukuta.

"Hamtaki, baba. Huko Burma hukuwa na rafiki?"

"Ochola," alisema mzee, sauti imeshuka. "Tulilala hema moja. Bomu lilipoanguka tulicheza ngoma, tukasema tumepona. Halafu homa ikamchukua kambini, tukingoja meli ya kuturudisha kwetu. Hakuna aliyetoa hotuba juu yake."

Kerubo akarudisha titi. Chumba kikatulia, ikabaki sauti ya mtoto akimeza. Kwa mara ya kwanza asubuhi ile alimhurumia mzee.

Mzee akajifuta macho, bado kaupa ukuta uso. "Nimelea watoto tisa, Kerubo. Unadhani siujui mlio wa mtoto aliyenyang'anywa ziwa?"

Kerubo akaona haya.

"Lakini Ochola abaki," mzee akaongeza.

"Asante, baba. Mimi nilitaka tu kufupisha vita," alisema Kerubo. "Na hakuna aliyeungua."