Mashine ya Bi Huguette

Majira yale ya baridi nilikuwa na miaka arobaini na minne, na nilimwonea wivu bibi wa miaka sitini na nane. Naanza na hilo kwa sababu watu wa wilaya yetu ya Témiscouata wakisimulia habari hii huanza na betri. Wanadhani kosa lilikuwa la betri.

Mimi na baba yangu, Rosaire, tuna msitu wa mepo, ile miti inayotobolewa theluji ikiwa bado nzito ili itoe maji ya kuchemshia shira. Kutoka mti hadi mti tumetandaza mipira myembamba inayoteremsha maji hadi bandani, yakivutwa na pampu. Kazi kubwa ya msimu ni kutafuta mahali kindi walipotafuna mpira. Hewa ikiingia, pampu inavuta upepo mtupu. Tundu lenyewe huwezi kuliona. Unalisikia tu likifyonza, kama mtu anayekunywa supu ya moto.

Ndiyo maana nilitaka mashine ya umeme. Kwa miaka miwili nilimwambia baba kwamba pikipiki yetu ya theluji, ya petroli, inatufanya viziwi: unaendesha hatua mia, unazima, unasikiliza, unawasha tena. Ya umeme ungepita taratibu huku masikio yakifanya kazi. Baba alikuwa akicheka. Aliniuliza kama betri hiyo nitaifunika blanketi na kuinywesha maziwa.

Januari injini ikafa, na fundi akasema haifai hata kwa vipuri. Wiki hiyohiyo Bi Huguette, jirani yetu wa ng'ambo ya kijito, mjane kama baba alivyo mgane, alinunua gari dogo la porini la umeme. Lilikuwa na viti viwili na kibanda cha vioo, na badala ya magurudumu lilikuwa na mikanda minne mipana ya mpira kama ya kifaru cha vita. Akampakia baba wakazunguka msituni kwake mchana mzima. Baba alirudi mashavu yamemwiva, akakaa mezani kabla ya kuvua koti.

“Odile, unajua uzuri wake ni nini? Unasikia. Unaendesha na huku unasikia mpira unavuja.”

Nilikuwa nakoroga supu ya njegere. Nikamwambia nalijua hilo. Akasema siwezi kulijua mpaka nipande, yeye amelijua leo kwa kuwa Huguette amemwonyesha.

Supu ile niliiunguza. Miaka minne tangu mama afariki, mimi ndiye niliyeacha duka la dawa mjini na mume aliyekuwa amekwisha kunichoka, nikarudi kukaa na baba. Najua goti lipi linamuuma na siku gani. Najua anavyopenda mayai yake yaelee kwenye shira. Na sasa maneno yangu ya miaka miwili yalikuwa yamemwingia siku moja tu, kwa sababu yalitoka kwenye mdomo mwingine.

Jumanne baba akaenda mjini Rivière-du-Loup kuangalia mashine dukani. Alikwenda na Huguette. Mimi hakuniita, alisema hakutaka kunipotezea siku. Alinyoa ndevu siku isiyo ya misa, akavaa sweta ya kijivu aliyoifuma mama. Nilisimama dirishani nikimwangalia anavyozunguka upande wa pili wa gari kumfungulia mlango. Goti siku hiyo halikumuuma.

Aliporudi, alikuwa ameshakata shauri nusu. Alitaka gari la mikanda, kama la Huguette. Mimi nilitaka pikipiki ya theluji ya umeme, na sababu zangu zilikuwa nzuri: ni nyepesi, ikizama watu wawili wanainyanyua, inapita katikati ya miti iliyosongamana. Gari la mikanda lina uzito wa ng'ombe wawili. Kwenye mlima wetu wa nyuma, ambako theluji inafika kiunoni, nilimwambia litazama mpaka kwenye vioo na betri itakwisha kwa kujichimbia. Baba akanisikiliza akitafuna kijiti, kisha akasema tumwulize Huguette.

“Kwani mlima ni wa Huguette?” nikasema.

“Gari ni la Huguette. Wewe umesoma vitabu, yeye analiendesha.”

Wakakubaliana kulijaribu Jumapili, kwenye mlima huohuo. Jumamosi alasiri Bi Huguette akaja nalo kwa njia ya msituni, akalichomeka kwenye soketi ya banda letu, na baba akamrudisha kwake kwa gari la barabarani. Alikawia huko. Nilikwenda bandani kuchukua kuni, giza likianza kuingia, nikalikuta limekaa pale, safi, taa ndogo ya kijani ikipepesa. Baridi ilikuwa imeshuka hadi nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri. Mashine za namna hii zikiachwa kwenye umeme zinaipasha betri joto zenyewe. Zisipoachwa, betri inalala ikiganda, na asubuhi inakupa nusu ya nguvu ulizotarajia. Hayo nilikuwa nimeyasoma kwenye vitabu.

Nikachomoa plagi.

Nilijiambia ni jaribio. Je, mtu akisahau kuchomeka? Baba anasahau hata miwani yake kichwani. Ni haki ajue kitakachotokea. Niliyasema haya kwa sauti, peke yangu, nikiwa nimekumbatia kuni. Asubuhi na mapema nikairudisha plagi mahali pake.

Jumapili kulikuwa na jua kali lisilo na joto. Bi Huguette alifika amefunga kichwa kwa skafu nyekundu, amebeba themosi na blanketi. Aliinama penye soketi muda kidogo, akachomoa waya, akauviringisha vizuri. Alipowasha aliangalia kipimo cha betri, akasema kipo chini kuliko alivyodhani lakini kwa mlima ule kinatosha. Baba akaketi kando yake. Mimi nilivaa viatu vipana vya theluji nikafuata kwa miguu, nikikagua mipira ya chini.

Nilitaka lizame mbele ya macho yangu. Halikuzama. Lilipanda mteremko ule ambao sisi tulizoea kuukwepa, mikanda ikisukuma theluji pembeni kama jembe, bila kelele, nikisikia kutoka kule chini kicheko cha baba. Kicheko hicho sikuwa nimekisikia nyumbani. Likapinda nyuma ya misonobari likapotea.

Nikangoja. Mashine isiyo na sauti ina ubaya wake: hujui inakwenda au imesimama. Nusu saa ilipita. Mwanzoni, lazima niseme ukweli, nilifurahi. Nilikuwa nimeanza kupanga maneno nitakayosema wakirudi kwa miguu. Halafu nikaangalia pumzi yangu ilivyoganda kwenye kola, nikakumbuka kwamba baba ana miaka sabini na mitatu na goti bovu, kwamba kule juu simu haishiki, na kwamba katika theluji ya kiunoni hawezi kushuka hata hatua hamsini. Nikaanza kupanda. Nilikimbia, kama mtu anaweza kukimbia na viatu vile. Nilianguka mara nyingi. Nilikuwa nikisema jina la mama, sijui kwa nini.

Niliwakuta gari limesimama kwenye uwazi, vioo vimefunga ukungu. Nikafungua mlango. Baba alikuwa amevuliwa buti, na nyayo zake zilikuwa tumboni kwa Bi Huguette, chini ya koti lake, naye anamsugua vifundo kwa mikono miwili. Kikombe kimoja walichokinywea wote wawili kilikuwa mkononi mwa baba. Baba alikuwa katikati ya maneno.

“...akaniambia, Rosaire, ukinunua ng'ombe huyo utamwoa. Na kweli ng'ombe akalala jikoni kwetu siku tatu.” Akageuka akaniona. “Aa, Odile. Nilikuwa namsimulia habari za mama yako.”

Miaka minne ndani ya nyumba moja, baba hakuwahi kutamka neno kuhusu mama mbele yangu. Nami sikuwa nimemwuliza, nikidhani namhurumia. Nilisimama pale nimeshika mlango, baridi ikiwaingilia, nikihisi wivu kuliko siku zote, na aibu juu yake.

Bi Huguette alisema betri imeshuka ghafla, ila jua limepasha kibanda na limeanza kurudisha nguvu kidogo. Kushuka hakuhitaji umeme mwingi. Akapendekeza baba aendeshe peke yake, polepole, na sisi wawili tutembee nyuma kupunguza mzigo. Nikampa kiatu changu kimoja kipana ili asizame sana, tukawa tunachechemea wote wawili kama walevi kwenye njia iliyofinyangwa na mikanda. Gari lilitambaa mbele yetu kwa mwendo wa mtu anayekwenda mazishini.

“Plagi ilikuwa na barafu ndani,” akasema Bi Huguette, bila kunitazama. “Ikilala imechomekwa haiingii barafu.”

Nikauchomoa kwenye theluji mguu wangu usio na kiatu kipana.

“Nilijua pale pale. Ningekataa kuondoka. Lakini nilifikiri betri itafika, na nilitaka kukuonyesha kwamba itafika. Kwa hiyo na mimi nimo.”

“Umemwambia?”

“Nimwambie nini? Nikimwambia atalazimika kuchagua. Mzee wa miaka sabini na mitatu, achague kati ya mwanawe na jirani? Sitaki anichague kwa namna hiyo. Na wewe usitake.” Akasimama kupumua. “Ila ungemwua, Odile. Hilo lifikirie vizuri. Mimi nina mafuta mwilini, yeye hana.”

Nikamwomba radhi. Akasema ameipokea lakini bado ana hasira, na kwamba hasira zake huwa zinachukua kama wiki mbili, nisishangae.

Jioni, mezani, nilimwambia baba mwenyewe. Nilimwambia kuhusu plagi, na kuhusu miaka miwili ya maneno yangu, na kuhusu sweta ya kijivu. Aliendelea kula maharage hadi yakaisha. Akafuta sahani kwa mkate.

“Ungeniambia tu una wivu,” akasema. “Ningekucheka, basi, yakaisha.”

Halafu hakusema nami siku tatu. Alikula, akanawa, akaenda kulala. Siku ya nne aliniambia nivae koti. Garini Bi Huguette alikuwa mbele, kwenye kiti nilichozoea kukaa mimi, nami nikaketi nyuma kama mtoto anayepelekwa kwa daktari. Tukaenda hadi Rivière-du-Loup.

Dukani baba alipita moja kwa moja hadi kwenye gari la mikanda. Aliuliza maswali yangu yote, moja baada ya jingine: uzito, upana kati ya miti, betri inapoteza kiasi gani kwenye nyuzi thelathini, kuna winchi ya kujivutia likizama, kuna kipasha betri cha kujiendesha hata plagi ikitoka. Kwa hili la mwisho hakunitazama. Muuzaji akauliza ni nani atakayeliendesha ili arekebishe kiti.

“Huyu wa nyuma,” baba akasema. “Mimi sasa ni abiria.”

Lilifika kabla ya kutoboa miti. Msimu ule nilikagua mipira yote kwa wiki mbili badala ya mwezi, kioo kimeshushwa, skafu imefunga pua tu na masikio yakiwa wazi. Nilikuwa sahihi kuhusu kusikia, na Huguette alikuwa sahihi kuhusu mlima, ingawa kwenye miti iliyosongamana bado nashuka na kutembea, na kila nikishuka nasema kwa sauti kwamba pikipiki ingepita.

Wivu haukuondoka. Kila Alhamisi baba alikwenda kwa Huguette kucheza karata, nami nilikuwa nahesabu saa. Aprili, shira ya mwisho ilipotiwa kwenye makopo, aliniambia anahamia ng'ambo ya kijito. Aliniambia akiwa amenipa mgongo, anakoleza moto ambao haukuhitaji kukolezwa. Niliuliza kama anataka msaada. Akasema ndiyo.

Barabara ya gari ilikuwa tope, lakini msituni theluji ilikuwa bado nene, kwa hiyo nilimhamisha kwa mashine: masanduku mawili, kiti chake, redio, picha ya mama iliyofungwa kwenye taulo. Bi Huguette alifungua mlango, akaipokea picha hiyo kwanza, akaniuliza ikae wapi. Nikamwonyesha ukuta wa jikoni, karibu na dirisha. Akapiga msumari palepale.

Kisha akasema nyama ipo kwenye oveni na sahani ni tatu. Nikajibu nina kazi nyumbani. Baba alikuwa ameshaketi, anamweleza jinsi mayai yake yanavyotakiwa kuelea, na anamweleza vibaya. Nikasimama mlangoni kidogo, kisha nikavua buti.