Mpiga Ngoma wa Katikati

Jumamosi ya kwanza Gisiri alipoketi kwenye ngoma za bendi ya Kutu Nyekundu, mjini Migori, alikaza ngozi, akafuta matoazi kwa kitambaa, akahesabu hadi nne na kuanza kupiga. Hakuna aliyesikia kitu. Gitaa zilinguruma, na Abdihakim, kiongozi wa bendi, alikoroma kwenye maikrofoni inavyotakiwa katika muziki wa metali nzito, ila ngoma zilikuwa kimya. Watu walimwona Gisiri akivuja jasho, wakatikisa vichwa kwa kukisia.

Sauti ilikuwa imeenda Homa Bay. Ilipita juu kwa juu kwenye mji wa Rodi Kopany bila kutua, ikashukia sokoni saa tisa na nusu alasiri, wala haikukosa pigo hata moja. Wauza omena, wale dagaa wa ziwani, waliinua macho, wakasema huyo ni Dishon, wakaendelea kupima.

Dishon alikuwa mpiga ngoma wa kwanza wa bendi hiyo, kabla hajaoa Homa Bay na kufungua duka la misumari na mabati. Wakati huo alikuwa kibarazani, mikono mapajani. Watu walipokuja kumpongeza, hakukana.

"Erokamano," alishukuru kwa Kijaluo, akapokea soda.

Mashabiki wa metali hawana kazi kubwa kuliko kulinganisha wapiga ngoma. Migori walisema Dishon alikuwa mzito, alichelewesha pigo makusudi, kama lori la miwa linalopanda mlima. Gisiri, walisema, anajitahidi. Afadhali wangemtukana. Homa Bay nao walisema Dishon ameiva baada ya kuacha bendi: mguu umekuwa mwepesi, na mkono wa kushoto siku hizi unaongea. Mkono huo ulikuwa wa Gisiri. Aliufunza miaka sita kwao Kegonga, akipiga madebe matupu nyuma ya ghala la mahindi mpaka mama yake akahamia kwa dada yake. Sasa usiku alilala akiutazama, akimwonea Dishon kijicho.

Baada ya miezi mitatu Abdihakim alimwita kando.

"Gisiri ndugu yangu, sina ubaya na wewe. Lakini watu wanakuja kusikia drums."

"Zinasikika Homa Bay."

"Najua. Shangazi yangu Asmaa ako na duka huko, anasema ziko sawa kabisa. Lakini show iko hapa."

Nafasi yake akapewa Lynnet, aliyekuwa akipiga ngoma kanisani.

Jumamosi iliyofuata Gisiri alikwenda Homa Bay. Liwe liwalo, alitaka jambo moja tu: watu wasikie na wajue ni nani. Ngoma kuukuu za Dishon zilikuwa bado stoo, nyuma ya duka. Akazitoa kibarazani, akawaita wauza omena na waendesha bodaboda, akapiga kwa nguvu zake zote. Kimya. Mama mmoja aliuliza kama kijana ana kifafa. Roseline, mke wa Dishon, akamwambia pole, akamtilia chai.

Saa hiyohiyo Migori, Lynnet alikuwa ameinua vijiti na hajagusa kitu. Ukumbi ukatikisika kwa mapigo ya Gisiri. Lynnet ana akili. Akaanza kurusha mikono kuifuata sauti, na kabla ya wimbo wa pili alikuwa ameipata. Watu walitoka wakisema huyu msichana amewafunika wote.

Abdihakim alipiga simu jioni.

"Sasa tumepata dawa. Wewe kaa hukohuko, uwe unatupigia kutoka huko."

"Na jina langu?"

"Poster imejaa, bro. Hata mimi picha yangu imekatwa sikio."

Gisiri angeweza kukataa. Lakini angekataa, asingesikika popote. Akapanga ile stoo. Kila Jumamosi alipiga saa mbili nzima kati ya mabati, na Roseline aliwaambia majirani hajapata mpangaji mtulivu kama yule. Dishon naye alipoulizwa mbona siku hizi hapigi, alisema mgongo umemshika, na watu wakampa pole.

Mtandaoni mabishano hayakuisha. Nani zaidi, Dishon wa miezi ya mwisho au Lynnet? Mmoja aliandika kwamba katikati yao alikuwako jamaa fulani, jina limemtoka. Gisiri alisoma yote. Alimwonea wivu Dishon, akamwonea Lynnet, na siku nyingine aliwapigia kura kwa zamu.

Mwezi wa tano Lynnet alimpigia simu.

"Gisiri, samahani. Ule wimbo wa tatu unakimbia sana, mikono yangu haifiki. Si upunguze kidogo tu?"

"Wimbo umeandikwa hivyo."

"Najua. Lakini ukingoja kidogo pale kabla ya gitaa kurudi, naona itanoga."

Akakata simu. Lakini Jumamosi alipofika pale, kabla ya gitaa kurudi, alingoja.

Migori walisema Lynnet amekomaa, kwamba sasa anajua kusubiri. Gisiri akatumiwa video, akaitazama akiwa amekaa juu ya furushi la mabati. Mapigo yalikuwa yake, kila moja. Ila wimbo ulikuwa mtamu kuliko alivyowahi kuupiga, na wazo lilikuwa la Lynnet. Roho ilimuuma kuliko siku zote. Akairudisha video mwanzo, akaitazama tena.