Siku Tisa za Chiriku

Fundi makochi aliificha chupa ya mofini, dawa kali ya maumivu, kwa siku tisa. Hospitalini walikuwa wamemwambia uvimbe wa mfupa wa bintiye hautibiki tena, kilichobaki ni kumtuliza maumivu. Yeye akasikia neno moja tu: kilichobaki. Akaona akimpa mtoto dawa ile, ndiyo amekubali kumzika. Akaifukia kwenye sanduku la misumari, akamdanganya mkewe kwamba imemwagika.

Mtoto walimwita Chiriku, maana tangu aanze kusema hakujua kunyamaza. Sasa alilala kimya, kona ya shuka kaing'ata, jasho likimchuruzika. Baba akimuuliza, "Unaumwa, mama?" anatikisa kichwa: siumwi.

Siku ya kumi, asubuhi, mke akamwita muuguzi anayezungukia wagonjwa majumbani. Muuguzi akanong'ona na mtoto, kisha akampeleka baba uani.

"Baba Chiriku, mwanao anasema anaumwa mpaka anaona giza. Nikamwuliza, mbona humwambii baba? Kasema, 'Nikimwambia anaenda kulia nyuma ya makochi.'"

Fundi akauliza, "Sista, dawa ile si ndiyo ya kumalizia watu?"

"Haimmalizi. Maumivu ndiyo yanammaliza. Iko wapi?"

Akalifungua sanduku mbele ya mkewe. Mke alimtazama tu, na heri angemzaba kofi.

Muuguzi akapima dawa, akamdondoshea mtoto mdomoni. Haikupita saa, meno yakaiachia shuka. Chiriku akalala fofofo. Alipoamka akamkagua baba yake juu mpaka chini.

"Baba, hizo ndevu! Umekuwa beberu?"

Mama akaangua kicheko, machozi yakimporomoka. Baba akatoka nje mbio, akakumbuka alichosemewa, akarudi kulia pale pale kitandani.

Chiriku aliongea siku nne, hakumpa mtu nafasi. Ya tano, mchana, akakata roho kifuani mwa mama yake, taratibu.

Waombolezaji walipomwambia kazi ya Mungu haina makosa, fundi aliitikia. Lakini muuguzi aliyekuja msibani alipoaga, alimkimbilia mpaka barabarani, hana hata kandambili mguuni.

"Sista, siku nne nilimpa. Zile tisa nilizomnyima je? Nizipeleke wapi?"

Muuguzi akamshika mkono. Wakasimama hivyo hivyo juani, watu wakiwapita.